Pedali ya breki ngumu, sailensa inacheza: kabla hujanunua haidrovaki, bana paipu kwanza

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mbeya, nalifupisha kidogo: "Habari fundi. Nina IST ya injini 1NZ, nimekaa nayo Dar miaka mitatu haina shida, mwaka huu nimehamia Mbeya kikazi nikaja nayo. Tangu nifike pedali ya breki imekuwa ngumu, kwenye foleni nikikanyaga mara mbili tatu mfululizo ile ya tatu ni kama nakanyaga tofali. Ikiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, RPM (mzunguko wa injini) inapanda na kushuka yenyewe, mafuta inakula kuliko zamani, taa ya chek injini imewaka, wakapima ikaja P0171. Fundi wa kwanza kanibadilishia masta silinda na plagi, hakuna mabadiliko. Wa pili anasema ninunue haidrovaki. Ninunue?"

Dada usinunue kwanza. Sisemi huyo fundi wa pili amekosea, inawezekana haidrovaki (busta ya breki) imekufa kweli, ila kwa maelezo yako hakuna mtu aliyepima kitu hapo, wote wanabahatisha kwa hela yako. Na wewe mwenyewe umeshaandika jibu nusu bila kujua: breki ngumu, sailensa inacheza na P0171 (namba ya kosa inayosema hewa ni nyingi kuliko mafuta) umeyaorodhesha kama matatizo matatu na mafundi wako wameyatibu kama matatizo matatu, huyu masta silinda huyu plagi. Mimi naona ni ugonjwa mmoja, kuna sehemu hewa inaingia isipotakiwa kuingia. Yaani vakyumu (mvuto wa injini) inavuja.

Masta silinda (ile pampu inayosukuma mafuta ya breki) tuiondoe kwenye kesi kwa sasa. Masta ikifa pedali inakuwa laini au inazama, unakanyaga ukiwa umesimama kwenye taa na mguu unaenda chini taratibu mpaka karibu na kapeti. Hewa kwenye mafuta ya breki nayo inafanya pedali iwe kama sponji. Pedali NGUMU ni kitu kingine, maana yake mfumo wa mafuta uko sawa na unasukuma, kinachokosekana ni yule msaidizi anayekusaidia kusukuma. (Inaweza pia kuwa kalipa zimeganda, au pedi zimeungua zikawa zinateleza kama kioo, lakini hizo hazichezeshi sailensa.) Kwa hiyo ile masta ya zamani kama bado unayo itunze, huenda ni nzima.

Sasa huyo msaidizi. Ukifungua boneti upande wa dereva, nyuma kabisa kwenye ukuta wa injini, kuna kitu cheusi cha duara kama sufuria mbili zimefunikizana, masta silinda imefungwa mbele yake. Hiyo ndo haidrovaki, wengine wanaita busta. Ndani kuna mpira mpana unaogawa vyumba viwili. Injini ya petroli ikiwa inawaka inavuta hewa kupitia manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), na kwa kuwa throto (mlango wa hewa ya injini) imefungwa karibu yote pale sailensa, ndani ya manifodi kunakuwa na mvuto mkubwa, huo mvuto unapelekwa kwa paipu nene mpaka kwenye haidrovaki ukanyonye hewa vyumba vyote viwili. Ukikanyaga pedali inafunguka valvu ndogo inaruhusu hewa ya kawaida iingie chumba cha upande wako tu, basi hewa ya nje inausukuma ule mpira kwenda mbele kwenye masta. Kwa hiyo anayekusaidia kufunga breki ni hewa hii hii tunayovuta puani, injini kazi yake ni kuiondoa upande mmoja.

Na hapo ndo Mbeya inaingia kwenye stori, na nadhani mafundi wako wote wawili wamelipita hili.

Dar uko usawa wa bahari. Injini nzima pale ikiwa sailensa inavuta kama inchi 17 mpaka 22 za zebaki kwenye geji ya vakyumu, tuseme 20. Mbeya uko mita 1,700 hivi juu, na kila unapopanda mita 300 unapoteza kama inchi moja kwa sababu hewa yenyewe ya nje ni nyepesi, haina uzito wa kusukuma. Kwa hiyo injini ileile nzima kabisa ikifika Mbeya inasoma 14 au 15 na hiyo ndo kawaida ya huko, asije mtu akakwambia injini imechoka kwa sababu geji haifiki 20. Sasa piga hesabu ya haraka, chukua mpira wa haidrovaki wenye kipenyo cha sentimita 25, inchi 20 za Dar zinasukuma kama kilo 340, inchi 14 za Mbeya zinasukuma kama kilo 235. Weka tundu linalokula inchi nne: Dar unabaki na 16, ni kilo 270 hivi, mguu wako hauoni tofauti, unaendesha mwaka mzima. Mbeya tundu hilohilo linakubakiza na 10, ni kilo 170, nusu ya ulichozoea. Ni hesabu za kukadiria lakini picha ndo hiyo. Kwa hiyo mie nadhani gari yako ilikuwa inavuja tangu Dar, Mbeya imekuumbua tu.

Haya, kupima. Hivi vipimo unaweza kuvifanya mwenyewe hapo nyumbani, huhitaji spana hata moja kwa vile vitatu vya mwanzo, na ndo vilevile Toyota wenyewe wanavyofundisha mafundi wao. Gari iwe kwenye sehemu tambarare, handibreki juu, gia kwenye P.

Washa gari dakika moja au mbili kisha zima. Kanyaga pedali taratibu kwa nguvu ya kawaida, achia, subiri sekunde chache, kanyaga tena, hivyo mara tatu nne. Haidrovaki nzima ile ya kwanza itashuka sana, ya pili itashuka kidogo, ya tatu kidogo zaidi, unaona kabisa inapanda hatua kwa hatua kwa sababu kila ukikanyaga unatumia akiba ya mvuto iliyobaki mle ndani. Kama ya kwanza tu tayari ni ngumu, akiba haipo, imevuja ndani ya hizo sekunde chache tangu uzime.

Kipimo cha pili: gari ikiwa imezimwa, kanyaga mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu kabisa, uiache chini ya mguu ukiwa umeikandamiza, alafu washa gari bila kuachia. Injini ikishika tu pedali inatakiwa ishuke kidogo yenyewe chini ya mguu wako, kama mtu ameivuta kwa chini. Isiposhuka, mvuto haufiki au haidrovaki haifanyi kazi. Ikishuka polepole kama inajivuta ndo dalili ya mvuto mdogo, na kwako nategemea hii.

Cha tatu ndo nakipenda zaidi kwa sababu kinaangalia haidrovaki yenyewe: gari inawaka, kanyaga breki na ushikilie hapohapo, sasa zima gari mguu ukiwa bado chini. Hesabu mpaka 30. Pedali isisogee. Ikianza kukusukuma mguu juu ndani ya hizo sekunde 30 basi mvuto unatoroka kutoka ndani ya haidrovaki au kupitia valvu yake.

Kuhusu pedali ya asubuhi, wengi wananiuliza mbona gari imelala usiku na asubuhi pedali ni ngumu kabla ya kuwasha, hiyo peke yake haitoshi kuhukumu. Kama jana baada ya kuzima ulikanyaga kanyaga, au mtoto alikaa kwenye siti akachezea, akiba imeisha kihalali.

Sasa kipimo ambacho kingekuokolea hela ya masta silinda, na nashangaa kwa nini watu hawakifanyi, ni cha dakika moja. Washa gari, iache sailensa mpaka ipate moto wa kawaida. Tafuta ile paipu nene ya mpira inayotoka kwenye manifodi kwenda kwenye haidrovaki. Chukua plaizi, zungushia kitambaa kwenye midomo yake usije ukaichana paipu (paipu iliyokauka ikibanwa na chuma tupu inapasuka, hapo utakuwa umejiongezea ugonjwa), halafu ibane kabisa karibu na manifodi iwezekanavyo. Sikiliza injini.

RPM ikitulia ghafla, ile kupanda na kushuka ikaisha, basi uvujaji uko mbele ya plaizi, yaani kati ya hapo ulipobana na haidrovaki yenyewe. Sogeza plaizi ubane karibu kabisa na haidrovaki: kama sasa sailensa imerudi kucheza tena ujue kilichopasuka ni paipu au valvu ya njia moja iliyoko katikati ya sehemu mbili ulizobana, na kama bado imetulia basi ni haidrovaki, na fundi wako wa pili yuko sahihi. Kwenye gari ambayo valvu imechomekwa kwenye haidrovaki yenyewe, hiyo valvu na grometi yake (mpira unaoishika) ziangalie kwanza kabla hujaihukumu haidrovaki. Lakini ukibana karibu na manifodi na injini haibadiliki hata kidogo, acha breki zote, uvujaji uko upande wa injini: ule mwisho wa paipu uliobaki kati ya plaizi na manifodi, gaskiti ya manifodi, paipu ndogo ya hewa chafu inayotoka kwenye kava la valvu, gaskiti ya throto, kipaipu chochote kilichochomoka. Huko kote kukivuja sailensa inacheza na P0171 inakuja, na breki inapata mvuto mdogo bila yenyewe kuwa na kosa lolote.

Yaani plaizi moja na kitambaa zinagawa gari yako vipande vitatu. Ndo maana nikasema usinunue kwanza.

Nikuambie nilivyojifunza hili. Zamani nikiwa bado nafanya kazi chini ya mtu, ililetwa Noah pedali ngumu, nikasikia "sssss" upande wa dereva, nikasema haidrovaki hiyo. Mwenye gari akanunua ya mtumba, tukashinda mchana kutwa, maana kuitoa lazima uingie chini ya dashibodi kichwa chini miguu juu ufungue nati nne pale kwenye pedali. Tumefunga, tumewasha, sssss iko palepale. Paipu ilikuwa na mpasuko upande wa chini, kule ilipokunja kupita karibu na injini, juu ukiiangalia ni nzima kabisa inang'aa maana kuna mtu aliipaka silikoni ya kung'arisha. Yule mzee hakunigombeza, akalipa, akaondoka, na hakurudi tena kwenye ile gereji. Tangu siku hiyo paipu naipitishia vidole pande zote, hasa chini, na naikunja taratibu nione kama mdomo unafunguka.

Mahali paipu hizi zinapofia ni pale mwisho, sentimita mbili tatu za mwanzo kwenye manifodi kwa sababu ya joto, mpira unakauka unakuwa mgumu kama plastiki na unachanika pale klipu inapobana. Kama nafasi ya urefu ipo watu wanakata kile kipande kilichooza na kuirudishia, mimi sikatai hiyo kama matibabu ya kukufikisha nyumbani. Nisichokubali ni kuifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, na nisichokubali zaidi ni kuweka paipu ya maji au ya mafuta ya kawaida kwa sababu unene unafanana. Paipu ya maji imetengenezwa kuzuia kitu kisitoke nje, hii ya breki inazuia isifinywe kuingia ndani. Ukiweka ya maji asubuhi inafanya kazi vizuri unafurahi, injini ikipata moto mpira unalainika, mvuto unaifinya inalala kama utumbo wa kuku, na mvuto haupiti tena. Pedali inakuwa ngumu gari ikiwa na moto na ikipoa inapona, na hapo mafundi watakuzungusha miezi. Ya mtumba ya Toyota ileile yenye mpira ulio hai ni bora kuliko mpya ya duka la mabomba.

Valvu ya njia moja nayo nimeitaja juu juu. Ni kidude kidogo cha plastiki, kwenye gari nyingine kimechomekwa kwenye haidrovaki kwa grometi ya mpira, kwenye nyingine kiko katikati ya paipu na kina mshale, mshale unatakiwa uelekee kwenye injini. Kazi yake ni kuruhusu hewa itoke kwenye haidrovaki kwenda kwenye injini na kuzuia isirudi. Umuhimu wake ni kwamba ukikanyaga mafuta mpaka chini unapanda mlima, throto inafunguka yote na mvuto kwenye manifodi unakaribia sifuri, bila valvu hewa ya manifodi ingerudi kwenye haidrovaki na ile akiba yote ingeisha, halafu unafika juu unakuta ng'ombe barabarani unakanyaga breki, tofali. Kuipima ichomoe, ipulize kwa mdomo: ukipulizia upande wa haidrovaki hewa ipite, ukipulizia upande wa injini isipite hata kidogo. Ipanguse kwanza, mle ndani kuna harufu ya petroli. Na angalia ile grometi, ikishakuwa ngumu inavuja pembeni ya valvu hata kama valvu yenyewe ni nzima, kigrometi hicho nimeona kimesababisha watu kununua haidrovaki nzima.

Nimewahi kufungua gari nikakuta valvu haipo kabisa, mtu alikata akaunganisha kwa kipande cha bomba la shaba. Inaonekana ilikuwa imeziba, mvuto haupiti, akaona hii ndo kikwazo. Na kweli alipoitoa breki ikalainika palepale sailensa! Mwenye gari akaondoka anashukuru. Kitu kama hiki ndo kinanitisha, kwa sababu ukipima ukiwa umesimama gereji kila kitu ni kizuri.

Kama plaizi ikionyesha ni haidrovaki kweli, bado sikiliza mlio unatoka wapi. Mtu mmoja abaki ndani. Kasauti kafupi ka "hsss" wakati unakanyaga ni kawaida, ndo ile hewa inaingia. Mlio usioisha ukiwa hujakanyaga, au unaoendelea muda wote umeshikilia pedali pale chini miguuni, ni valvu ya ndani au mpira umechanika. Ukiona pia kila ukikanyaga breki RPM inashuka sana au injini inataka kuzima, ni haohao. Kabla hujaifunga nyingine fanya kitu kimoja, legeza nati mbili zinazoshika masta silinda, isogeze mbele kidogo bila kufungua mabomba, angalia nyuma yake. Pakiwa na unyevu wa mafuta ya breki ujue sili ya nyuma ya masta ilikuwa inavuja kuingia kwenye haidrovaki na mafuta yameula ule mpira. Dalili yake nyingine ni mafuta ya breki kupungua kwenye kikopo na chini ya gari hakuna tone, yanavutwa na injini yanaungua, wakati mwingine unaona moshi mweupe. Wewe masta yako umeshabadilisha, kwa hiyo muulize fundi wa kwanza kama ile ya zamani nyuma ilikuwa imelowa, jibu lake litatusaidia.

Kama plaizi ikionyesha ni upande wa injini, hapo ile P0171 inakuwa na kazi. Maana yake kompyuta inaona hewa ni nyingi kuliko mafuta, mchanganyiko mwembamba. 1NZ inapima hewa kwa sensa iliyoko baada ya eyaklina, hewa inayoingia kwa tundu haijapita pale, haijahesabiwa, sensa ya ekzosi inalalamika na kompyuta inaongeza mafuta. Ndo ulaji wako ulipotokea. Mwambie mwenye mashine asikusomee namba ya kosa peke yake akafuta akachukua hela, afungue zile asilimia za marekebisho ya mafuta. Gari ikiwa sailensa ukiona ameongeza kama asilimia 20 na zaidi, alafu ukipandisha RPM mpaka 2,500 ukashikilia ikashuka ikawa 5 au chini ya hapo, ni tundu la hewa, kwa sababu tundu lileile sailensa ni sehemu kubwa ya hewa yote na kwenye mwendo ni tone kwenye ndoo. Ikibaki juu palepale au kuongezeka ukipandisha RPM, tafuta kwingine: pampu ya mafuta, filta, au ile sensa ya hewa imejaa vumbi.

Kutafuta tundu lenyewe, mashine ya moshi ndo mfalme, wanapuliza moshi kwenye manifodi na unatoka mahali palipopasuka, kama gereji ya karibu wanayo lipia. Kama hawana, kipande cha paipu ndefu sikioni, ncha nyingine unaipitisha kwenye maungio, unasikia wazi kabisa. Au chupa ya kupulizia yenye maji, unapulizia kidogo kidogo kwenye gaskiti ya manifodi ukiepuka koili na soketi, palipo na tundu injini inabadilika sauti kwa sekunde moja wakati maji yameziba. Wapo wanaopulizia kabukilina (dawa ya kusafishia kabureta) au petroli wakisikiliza RPM ipande, inafanya kazi, na ndo hivyohivyo magari yanavyoshika moto gereji, ekzosi iko hapo hapo. Usikubali ifanyike kwenye gari yako.

Geji ya vakyumu kama fundi anayo ni vizuri zaidi, lakini akumbuke uko Mbeya. Mshale uliotulia kwenye 14 mwambie asante. Uliotulia kwenye 9 au 10 ni uvujaji au taiming imechelewa. Unaotikisika kwa mpangilio ni valvu ya injini. Ukishikilia RPM 2,500 ukaona unashuka taratibu taratibu, masega ya ekzosi (kisafisha moshi) yameziba, hilo nalo linanyima breki mvuto ingawa watu hawafikirii.

Kwa wengine mtakaosoma wenye Hiace na Hilux za dizeli, za 2L, 3L, 5L, haya ya manifodi hayawahusu. Dizeli hiyo haina throto ya kuleta mvuto, mvuto unatengenezwa na pampu ndogo iliyoungwa nyuma ya alteneta, ina kipaipu chake cha oili. Pedali ikiwa ngumu anzieni hapo, na ukibadilisha alteneta angalia usiletewe isiyo na pampu. Malori yenye breki za upepo ni somo lingine kabisa, na Prius na Aqua nazo hazina haidrovaki ya hivi.

Narudi kwako dada. Gari hii breki zake zipo, hazijakatika, ila zinataka mguu mara mbili au tatu ya kawaida, kwa hiyo mpaka utakapoitengeneza acha nafasi ndefu mbele na ikikukuta ngumu usipampu. Wengi tumefundishwa kupampu, inafaa kwenye pedali laini yenye hewa. Hapa kila ukiachia na kukanyaga tena unamwaga ile akiba kidogo iliyopo, kanyaga mara moja, kwa nguvu zote, hata miguu yote miwili, shikilia. Mteremko wa Iwambi shuka na gia ndogo, L au 2, ukiwa umetoa mguu kwenye mafuta injini inashika gari na wakati huohuo inavuta mvuto mkubwa kuliko wakati wowote, akiba inajaa. Na ile tabia ya kuweka N au kuzima kabisa mteremkoni ili kubana mafuta iache, ukizima una kanyagio mbili tatu tu halafu huna msaidizi. Safari ya Dar kupitia mlima Kitonga usiifanye kabla hujaitengeneza.

Kama mtu angeniwekea dau ningeweka kwenye ule mwisho wa paipu upande wa manifodi au grometi ya valvu, sababu ukisema ile ya kwanza na ya pili zinakanyagika na ya tatu ndo tofali, maana yake haidrovaki inashika akiba na inasaidia, inachelewa tu kujaa tena, mpira uliochanika vibaya usingekupa hata hizo mbili. Lakini dau ni dau. Kesho asubuhi fanya vile vitatu vya pedali, injini ikipata moto bana paipu sehemu zote mbili, uniandikie sailensa imefanya nini ulipobana kwenye manifodi na imefanya nini ulipobana kwenye haidrovaki. Na ule mlio, kama upo, unausikia zaidi ukiwa umefungua boneti au ukiwa umekaa kwenye siti?